Maduka ya Kwa Mbuvi na Safari ya Incheon

Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi yangu ya kutunza majengo ya kale, kwa kuwa sasa nimestaafu na nina nafasi ya kukaa. Nashuku walitaka kurasa mbili za shukrani na ushauri wa kuvumilia. Shukrani zangu nimezitoa kanisani kwa Mungu, kwa sababu ndiye pekee aliyenisaidia miaka yote hiyo bila kutaka kupigwa picha akinisaidia. Hapa nitaandika yale mengine.

Siku yangu ya kwanza niliripoti Kitui mjini nikiwa na viatu vipya vilivyonibana. Ofisi ilikuwa stoo nyuma ya ofisi nyingine. Mkubwa wa siku hizo, mtu mwenye uso wa kuchoka, alinionyesha ngoma iliyopasuka, vibuyu kadhaa na ndege aliyekaushwa akabaki bila kichwa. "Hii ndiyo turathi yenyewe," akasema. "Ukitoka funga mlango, panya isiingie." Kisha akaenda kunywa chai, na nikikumbuka vizuri, hakurudi siku hiyo wala kesho yake.

Kazi nilifundishwa na Fundi Nzioka, mwashi wa mawe ambaye ofisi ilimwita tu ukuta ulipokuwa karibu kuua mtu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika timazi ya kunyooshea ukuta, kuloweka chokaa mpaka itulie, na kuchukia saruji. Ukuta wa kale, alisema, unapumua. Ukiupaka saruji unauziba pua. "Weka simiti uone, Nduku. Mvua ikinyesha mara mbili tu, itatema kila kitu." Na kila nilipoenda na mhandisi kutoka makao makuu, nilimkuta ameshaagiza saruji.

Nzioka ndiye aliyenifundisha pia kuandika namba. Ukilazimika kushusha ukuta wa kale, unauchora kwanza, kisha kila jiwe unalipaka namba kwa rangi nyeupe, safu kwa safu, kabla halijaguswa. Bila namba, alisema, utarudisha nini? Utarudisha lundo. Sikujua wakati huo kwamba nitazitumia namba hizo mara moja tu, wala kwamba zitaishia pale zilipoishia.

Nisiwachoshe na kila jengo. Kule Kyuso kulikuwa na selo ndogo ya mawe ya wakati wa mkoloni, ambamo watu walifungiwa kwa kukosa kodi. Chifu alikuwa ameifanya ghala la ndengu. Mzee mmoja alinisimamisha nje na bakora yake akaniambia, "Baba yangu alilala humu ndani. Vunja." Sikuvunja. Kule Mukuyuni nilienda kukagua duka la zamani nikakuta kampuni ya simu imelipaka rangi yake kuanzia msingi hadi mabati, na mwenye duka ananishukuru akidhani mimi ndiye niliyetumwa kulipaka. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Sasa nifike Kwa Mbuvi, maana huko ndiko ninakotaka kuwapeleka.

Kwa Mbuvi ni soko dogo nje ya Kibwezi, karibu na reli ya zamani. Palikuwa na safu ya maduka ya mawe meusi, yale mawe ya volkano ya upande huo, yaliyochongwa na kupangwa na mafundi wa Kihindi enzi ambazo reli ndiyo iliyoleta kila kitu. Baraza moja ndefu ilipita mbele ya maduka yote, na milango ilikuwa ya mbao za kukunja. Hayakuwa maduka makubwa. Lakini kwa miaka mingi nilizunguka Kitui na Makueni, na sikuona safu nyingine iliyobaki nzima namna ile. Niliipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu.

Katika duka la mwisho alikuwa Syombua, fundi wa nguo, aliyenizidi umri, niliyemwita mwaitu, yaani mama. Alishona sare za kwaya za makanisa ya pande zile zote, cherehani yake ikiwa barazani kwa ajili ya mwanga. Mlango wake ulikuwa na jiwe refu juu, na chini ya jiwe hilo aliolewa, akazaa, akafiwa na mume. Nilipofika kukagua alinipa stuli na kusema, "Nduku, angalia nyumba yako, mimi naangalia kitambaa yangu." Tulielewana.

Kisha ukaja mradi. Sitautaja jina, kwa kuwa umeshajitangaza vya kutosha kwenye fulana. Ulikuwa mradi wa turathi na utalii, na mkurugenzi wake aliitwa Munyao, mtu wa suti na sauti nzuri ya kuongoza maombi. Munyao aliamua kwamba kabla ya kutunza chochote hapa, lazima twende tukajifunze kwa waliofanikiwa. Waliofanikiwa, ikaonekana, wako mbali sana, mahali ambapo mtu hupanda ndege. Tukapelekwa Incheon, mji wa bandari huko Korea.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu mtu fulani alisema lazima awepo anayejua kazi. Wengine walichukuliwa kwa sababu nyingine. Tuliomba uwanja wa ndege, tukaomba ndani ya ndege, na tulipotua Munyao akafungua mkoba akatoa bango refu lenye jina la mradi. Bango hilo lilitembea Incheon kuliko mimi. Kila tulipofika lilikunjuliwa mbele ya kile tulichokuja kuona, sisi tukapangwa nyuma yake, tukapigwa picha, likakunjwa, tukaondoka. Nina hakika kuna majengo kule ambayo wenzangu wengine hawakuyaona kabisa, waliyapa mgongo.

Na ni mji wa kuonwa, jamani. Mwenyeji wetu alikuwa Bi Yun, mwanamke wa rika langu aliyefanya kazi kama yangu huko kwao, na Kiingereza chake kilikuwa cha polepole ambacho hakipotezi neno. Alitupeleka kwenye ngazi za mawe zinazopanda kilimani. Zamani bandari ilipofunguliwa kwa wageni, Wachina walikaa upande mmoja wa ngazi hizo, Wajapani upande wa pili, na taa za mawe zilizopangwa kushoto hazifanani na za kulia, kila upande kwa mtindo wake. Mimi nilipanda na kushuka nikitazama tu. Munyao aliuliza kama hizo taa ziko na stima.

Tuliona mtaa wa Wachina na malango yake mekundu, na mkahawa wa zamani uliofanywa jumba la makumbusho la tambi za mchuzi mweusi. Hebu fikirieni: watu wameheshimu tambi zao mpaka wakazijengea makumbusho, na sisi muthokoi wetu, mahindi ya kukoboa na maharagwe, tunauonea aibu mbele ya wageni. Tuliona maghala ya matofali mekundu karibu na bandari, ambamo siku hizi wachoraji wanafanyia kazi, na kuta bado zina makovu yake. Hakuna aliyezipiga plasta. Niliweka kiganja changu pale nikamkumbuka Nzioka, aliyekuwa ameshafariki, nikatamani angekuwa yeye aliyepewa tiketi ya mmoja wa wale wenzangu wa kupigwa picha.

Tukafika kwenye benki za Wajapani, majengo mazito ya mawe. Nikamuuliza Bi Yun kwa niaba ya yule mzee wa Kyuso: hawa waliwatawala, waliwanyanyasa, kwa nini hamkuvunja?

"Wengi walitaka," akasema. "Wengine bado wanataka. Mimi baba yangu alitaka. Lakini tukiyavunja, wajukuu watafikiri mateso yale tuliyatunga."

Nilitaka kukaa pale nimuulize zaidi, lakini bango lilikuwa limeshakunjuliwa.

Mwisho alitupeleka kwenye hoteli. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nawaomba msome polepole. Hoteli hiyo ya matofali ilikuwa miongoni mwa za kwanza za mtindo wa kigeni katika nchi yao. Watu wa mji, akasema Bi Yun, waliibomoa, wakaegesha magari juu yake miaka na miaka. Baadaye mtu akaanza kuchimba ili ajenge kitu kingine, na msingi wa zamani ukatokea. Wakasimamisha ujenzi, wakatafuta picha za kale, wakaijenga upya kwa kubahatisha pale picha zilipokuwa hazionyeshi. Alisimulia akitazama chini. "Hii si ile hoteli," akasema. "Hii ni sisi kuomba msamaha."

Munyao akageuka kwetu na uso uliong'aa. "Mmesikia jameni? Walibomoa, ndio wakapata hii kitu safi! Sisi tunakaa tukishikilia mawe ya zamani, wenzetu wanatengeneza historia mpya!"

Nilifikiri anatania. Nilicheka hata. Katika ndege ya kurudi nilimwona akichora lango kwenye karatasi ya kupangusia mdomo, na hapo nikaacha kucheka.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile mtu anawezaje kusafiri mbali kiasi kile, aonyeshwe kosa na wenye kosa, waliotazama chini wakilionyesha, naye alibebe nyumbani kama mbegu. Jibu nililopata ni kwamba wakubwa wetu wa ziara za mafunzo hawaendi kusikiliza. Wanaenda kutafuta kinachofanana na kile walichokwisha kuamua. Mkipelekwa safari kama hizo, nanyi mtapelekwa, angalieni mwongozaji anapotazama chini. Hapo ndipo pa kujifunzia.

Basi uamuzi ukatoka: maduka ya Kwa Mbuvi yabomolewe, pajengwe Mtaa wa Kihistoria wa Kwa Mbuvi. Naandika tena kwa sababu mtadhani nimekosea: jengo la kihistoria libomolewe ili pajengwe mtaa wa kihistoria. Mkutano ukaitishwa barazani kwa Syombua mwenyewe. Munyao aliomba kwanza, akaeleza jinsi Korea walivyofanya, akaahidi lango, taa na choo cha watalii.

Syombua akasimama. "Mkubwa, hao watalii watakuja kuangalia nini?"

"Historia, mama."

"Na hii tumekalia ni nini?"

Watu wakacheka. Munyao pia alicheka, kwa adabu, halafu akaendelea pale alipoachia. Mimi nilisimama nikasema yote niliyoyajua, kuhusu mawe, mafundi, hoteli ya Incheon na macho ya Bi Yun. Akaniambia mbele ya watu, "Madam, wewe umekaa na vitu za zamani mpaka umeanza kuzifanana. Tuachie sisi hii kazi ya mbele."

Nilishindwa, vijana. Nilichoweza kupata ni kimoja tu: badala ya tingatinga, maduka yashushwe jiwe kwa jiwe chini ya usimamizi wangu, na mawe yahifadhiwe. Mchungaji wa kanisa la pale alinipa uwanja nyuma ya kanisa, unaotelemka hadi mtoni. Nikamwahidi Syombua, nikiwa nimemshika mikono, kwamba nitayasimamisha tena maduka pale uwanjani, na mlango wake utakuwa pale pale chini ya jiwe lake. Ahadi hiyo niliiweka mbele ya kila kitu. Nilichora kuta zote. Nikapaka namba kila jiwe mwenyewe, kwa mkono wangu, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Siku walipoanza kushusha, Syombua alibeba cherehani yake kichwani akaondoka bila kutazama nyuma.

Mawe yakapangwa uwanjani, meusi, namba nyeupe juu yake, yakingoja nipate mafundi na kibali. Kibali kilizungushwa kutoka meza hadi meza. Nikaitwa Kitui kwa shughuli nyingine, na shughuli za ofisi mnazijua, huvutika kama mpira. Niliporudi Kwa Mbuvi uwanja ulikuwa mtupu. Hata kipande cha jiwe hakikuwepo.

Nilikimbia kwa mchungaji nikipiga kelele za wizi. Yeye akaniangalia kwa mshangao. "Madam, si walimaliza ile kazi yako? Wamefanya vizuri sana."

Akanipeleka mtoni. Na hapa lazima niwaeleze wale ambao hawakulelewa Ukambani. Sisi tuna mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, na wengi wao ni akina mama. Leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule. Kazi ikiwa kubwa inagawanywa: kila mmoja anapimiwa kipande chake, na namba yake ya kikundi inapakwa kwenye jiwe, jiwe linawekwa pale anapoanzia. Ukiona jiwe lenye namba yako, hiyo ni kazi yako, huulizi. Sasa kikundi cha Kwa Mbuvi, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Syombua, kilikuwa kimeomba kwa muda mrefu kujenga bwawa la mchanga, ule ukuta unaokingwa mtoni ili mvua ikileta mchanga ukae nyuma yake na maji yabaki ndani ya mchanga. Siku walipofika kanisani wakakuta mawe mazuri, yamechongwa, kila moja lina namba, nyuma yake kuna mto. Nani angewalaumu? Walidhani ofisi hatimaye imewagawia kazi. Kila mama akatafuta namba yake, na zilipokwisha namba za kikundi, wakaanza kuhesabu upya tangu mwanzo. Walibeba ukuta wangu mzima hadi mtoni wakiimba.

Ahadi yangu ya kuyasimamisha maduka niliitoa kwa Syombua peke yake, naye hakuwepo siku zile. Alikuwa kwa bintiye aliyejifungua. Aliporudi, ukuta ulikuwa umekwisha.

Nilisimama ukingoni. Namba zangu zilikuwa zinanitazama kutoka kwenye ukuta wa bwawa, zimechanganyika ovyo, nyingine zimepinduliwa miguu juu. Na walikuwa wamejengea saruji! Nzioka angefufuka ili afe tena. Niliwafokea wale akina mama kwa maneno ambayo mchungaji alijifanya hakuyasikia. Waliniangalia kama mtu aliyefiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa.

Wakati huo huo Mtaa wa Kihistoria ukajengwa. Ni vibanda vya matofali ya saruji vilivyopakwa mistari ili vionekane mawe. Mbele kuna lango jekundu lenye pembe zilizopinda juu, kama la Wachina wa Incheon, na pembeni tembo wawili wa plasta. Katika soko la Wakamba, nje ya Kibwezi! Mwenye kibanda cha kwanza anauza chaja za simu. Vingine vimefungwa.

Mvua zilipita, miezi ikapita, nami nikawa katika wiki zangu za mwisho kazini. Ndipo Bi Yun akaja na wenzake, kurudisha ziara. Munyao alimpokea langoni kwa maombi na kwaya. Bi Yun alilitazama lango muda mrefu. Akawatazama tembo. Akagusa ukuta kwa kidole, akakiangalia kidole kikiwa na rangi.

"Nduku alinionyesha picha Incheon," akasema. "Maduka ya mawe meusi. Naomba kuyaona."

Mimi nilimwachia Munyao makusudi, nione atatokaje.

"Tumeyahifadhi!" akasema Munyao. "Kila jiwe liko na namba. Yanarudishwa hivi karibuni. Madam Nduku ndiye anasimamia."

Wageni walipoondoka akanivuta kando, jasho likimtoka. "Madam, hizo mawe zirudi. Watakuja tena na wafadhili. Nitaleta tingatinga tuvunje hiyo bwawa, wewe uzipange na namba zako. Si ndio ulitaka siku zote?"

Ndiyo. Ndilo nililotaka siku zote. Michoro nilikuwa nayo. Uwanja ulikuwepo. Kibali sasa kingetoka kwa siku moja. Sheria mpya za kazi yetu, zilizotoka baada ya maduka kushushwa, zilisema jengo kama lile haliguswi bila idhini ya afisa wake, na afisa wake nilikuwa mimi, kwa siku chache zilizobaki. Nilimwahidi Syombua duka. Nilishuka naye Munyao hadi mtoni nikiwa na neno "ndiyo" mdomoni.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, mto mkavu, mchanga mweupe umejaa nyuma ya ukuta. Akina mama walikuwa wamechimba kisima kifupi mchangani, na maji yalikuwa yanajikusanya taratibu, safi. Foleni ya mitungi ilifika mbali. Syombua alikuwa pale akichota kwa kata. Munyao akamweleza habari njema: duka lako linarudi, mama, tunavunja hii.

Syombua akaweka kata chini. Akanigeukia mimi.

"Nduku, ni wewe umesema?"

Nilizitazama namba zangu. Nikaliona jiwe refu la mlango wake limelazwa chini kabisa, katikati, pale mto unaposukuma kwa nguvu zaidi.

"Mkurugenzi," nikasema, "hili ndilo jengo. Limevunjwa mara moja chini ya usimamizi wangu. Halivunjwi mara ya pili."

"Madam, hii si duka. Hii ni dam!"

"Mawe ni yale yale na watu ni wale wale. Hata Incheon hawakubahatika hivyo. Kama unataka kubomoa, una lango."

Alisema mengi, ambayo hayastahili wino. Akapanda kilima akiongea na simu. Tingatinga halikuja, kwani nilikuwa nimeandika barua ya kukataa kabla hajafika ofisini, na aliyenirithi hajathubutu kuifuta. Nakutegemea, kijana, na wewe unajua ninayemwambia.

Lakini siku ile Syombua alikuwa bado amesimama mbele yangu.

"Kwa hivyo duka yangu hairudi," akasema.

"Hairudi, mwaitu."

Akatikisa kichwa polepole, akapangusa macho kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa tayari nalia, sikuficha. Kisha akainama, akachota kata iliyojaa, akawapita wote waliokuwa kwenye foleni, akanipa mimi kwanza.